Vitu vielee bila kompyuta?

Swali: Nawezaje kupiga picha ya vitu vinavyoelea hewani bila kuihariri?

Jibu: Kazi yote ifanye kabla ya kubonyeza kamera. Mwaka 1948 mpiga picha Philippe Halsman alimpiga picha mchoraji Salvador Dalí akiwa hewani pamoja na paka watatu na mkupuo wa maji. Michoro ilining'inizwa kwa nyaya, mke wa Halsman akainua kiti, wasaidizi wakarusha paka na maji, Dalí akaruka. Wakarudia mara 28. Utasema nyaya zilifutwa baadaye. Ni kweli, lakini mruko na maji vilitokea mbele ya lenzi, ndiyo maana picha inaaminika hadi leo. Wewe tumia mshipi mwembamba wa kuvulia, mwanga mkali na kasi ya 1/1000 ya sekunde. Paka waache walale.