Nani anamla nani ziwani?

Mbuta si mwenyeji wa Ziwa Victoria. Aliletwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akakaa karibu miaka ishirini bila kishindo, kisha katika miaka ya 1980 akafurika. Fulu, waliokuwa wengi kuliko samaki wengine wote, wakaliwa. Aina nyingi hazijaonekana tena. Fulu walipoadimika, mbuta akageukia uduvi, omena, hata watoto wake mwenyewe.

Uvuvi ulipompunguza mbuta, baadhi ya fulu walirejea. Omena naye amestahimili kwa kuwa hukomaa kabla ya mwaka kwisha. Mbuta huhitaji miaka kadhaa. Mvuvi, huyo wa chini ya sentimita 50 aliyenaswa wavuni mwako huenda hajazaa hata mara moja.