Mkuki Ukutani

LESONI YA 9

SABATO ALASIRI

Kwa mafunzo ya juma hili soma: 1 Samweli 18:6–16, 19:1–18, 20:1–42, 22:1–23, 24:1–22, 26:1–25, Waefeso 5:25–29.

Fungu la kukariri: Mithali 22:3. Likariri kutoka katika Biblia yako.

Kwenye miteremko ya Kilimanjaro hakuna asiyeujua mmea wa isale. Hupandwa kuonyesha mpaka wa kihamba, hupandwa makaburini, na jani lake hupelekwa kwa mtu aliyekosewa wakati mkosaji anapoomba msamaha. Anayeletewa isale hutazamiwa asikatae. Ni desturi nzuri. Imezima magomvi mengi ya ndugu ambayo yangefika mahakamani na kukaa huko miaka.

Lakini tumfikirie dada mmoja wa Kibosho aliyekimbilia kwa wazazi wake, jicho limevimba. Ni mara ya tatu. Siku ya nne wazee wa ukoo wa mumewe wanabisha hodi, isale mkononi. Mama yake anamtazama bila kusema neno. Mzee wa kanisa, ambaye naye ameitwa, anafungua Mathayo 18 na kusoma habari za saba mara sabini. Dada anajua kinachosubiriwa: aseme amesamehe, afunge kanga zake, arudi kabla giza halijaingia.

Je, kusamehe na kurudi ni jambo moja? Juma hili tutamwuliza Daudi. Alisamehe kuliko wengi wetu, na hakurudi.

JUMAPILI: Nyumbani kwa Sauli

Soma 1 Samweli 18:6–16 na 19:9–17. Ni mambo gani yanayojirudia katika mwenendo wa Sauli?

Tumezoea kuisoma habari hii kama ugomvi wa kiti cha enzi. Tusisahau kwamba ilitokea nyumbani. Daudi alikula mezani pa Sauli, alimpigia kinubi, alimwoa binti yake Mikali. Aliyemrushia mkuki alikuwa baba mkwe wake.

Mkuki haukuja kwanza. Kwanza lilikuja jicho: tangu siku ile ya nyimbo za wanawake Sauli alimwangalia Daudi kwa wivu. Ukaja mkuki. Zikaja ahadi zilizovunjwa, maana Merabu aliahidiwa Daudi akapewa mwingine. Ndipo mkuki tena. Baadaye wakaja watu wa kuilinda nyumba usiku, ili Daudi asitoke. Na katikati ya hayo yote zilikuwapo siku nzuri, siku za kinubi, ambazo humfanya mtu aseme, “Labda yamekwisha.”

Ukatili dhidi ya mtu mzima huwa na sura hiyo hiyo. Kipigo ndicho kinachoonekana, lakini mara nyingi kimetanguliwa na mengine: matusi mbele ya watoto, simu kukaguliwa kila jioni, fedha za kahawa na ndizi alizolima mke kuishia mfukoni mwa mume, kukatazwa kwenda kliniki, kwa ndugu, hata kanisani, kulazimishwa kitandani, kutishiwa kufukuzwa kihambani. Mume naye aweza kutendewa hivyo, ingawa aibu humfunga mdomo. Na yuko bibi kizee ambaye mwanawe huchukua kila shilingi anayotumiwa na watoto walioko mjini, na akiuliza anaambiwa anazeeka vibaya. Huo nao ni ukatili. Usiuite jina lingine kwa sababu tu hakuna damu.

JUMATATU: Amekosea nini?

Daudi alimwuliza Yonathani swali ambalo kila anayeteswa hulirudia moyoni: kosa langu ni nini? (1 Samweli 20:1). Je, Biblia inataja kosa lolote la Daudi lililostahili mkuki?

Mwishoni mwa 2002 na mwanzoni mwa 2003 watafiti waliwahoji wanawake 1,444 wa Moshi, wenye umri wa miaka 20 hadi 44. Karibu mmoja katika kila watano alikuwa ametendewa ukatili na mwenzi wake katika miezi 12 iliyotangulia. Hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa mwanamke aliyepata shida ya kushika mimba. Ilikuwa kubwa zaidi pia kwa aliyezaa watoto watano au zaidi. Tafakari hilo. Asiyezaa anapigwa, aliyezaa wengi anapigwa. Iliongezeka pia pale mume alipokuwa na wanawake wengine, au alipotoa kidogo kwa matumizi ya mke na watoto. Hesabu za namna hiyo zinatuonyesha kwamba chanzo hakimo katika chumvi iliyozidi kwenye mchuzi.

Wengine hukimbilia Waefeso 5 na kuishia mstari wa 24. Endelea hadi wa 29, uone mume ameagizwa autendee mwili wa nani kama wake mwenyewe. Hata sheria ya nchi haina utata hapa: kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinatamka kwamba, hata kama mila inasema vingine, hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo.

JUMANNE: Msuluhishi mwema aliyekosea

Soma 1 Samweli 19:1–10. Yonathani alifanya nini, na matokeo yalikuwa nini?

Hapa ndipo penye somo kubwa la juma hili, hasa kwetu tunaoitwa kusuluhisha. Yonathani hakuwa mnafiki. Alimpenda Daudi. Alikwenda kwa baba yake, akamsemea mema, na Sauli akaapa kwa jina la Bwana kwamba Daudi hatauawa. Yonathani akaamini, akamchukua Daudi kwa mkono wake mwenyewe, akamrudisha nyumbani. Kwa lugha ya mlimani, isale ilipokelewa. Mistari michache tu baadaye mkuki umechoma ukuta, na Daudi anakimbia usiku.

Kosa la Yonathani lilikuwa nini? Alipokea kiapo mahali pa badiliko. Hakuuliza nini kitafanyika Sauli atakapokasirika tena. Hata mkuki hakuuondoa chumbani!

Na Daudi alipomjia mara ya pili, Yonathani bado alibisha: baba hawezi kufanya hivyo, angeniambia (20:2). Ndivyo tunavyosema sisi. “Yule shemasi? Anayeongoza kwaya?” Mtesaji huwa mpole barazani, na sisi tunamjua wa barazani tu.

Lakini Yonathani alijifunza, na hilo lampa heshima. Alimwambia Daudi kwamba lolote atakalotaka atamfanyia (20:4). Wakapanga ishara ya mishale ambayo hata kijana aliyeiokota hakuielewa. Safari hii hakumrudisha rafiki yake mezani. Alimsaidia kuondoka salama, ingawa mkuki ule ule ulirushwa kwake yeye mwenyewe (20:33).

JUMATANO: Ng'ambo ya bonde

Soma 1 Samweli 24:16–22 na 26:13–25. Baada ya Sauli kulia na kukiri, Daudi alikwenda wapi?

Mara mbili Daudi angeweza kumwua Sauli, na mara mbili alimwacha. Huo ni msamaha usio na shaka. Sauli alilia kwa sauti, akakiri dhambi, na mara ya pili alimwita mwanangu, akamsihi arudi. Daudi alisikiliza yote akiwa amesimama mbali juu ya kilima. Aliposema mkuki urudishwe, hakuupeleka mwenyewe. Alitaka kijana mmoja wa Sauli avuke aje auchukue. Kisha kila mmoja akashika njia yake.

Hakuna mahali Biblia inapomlaumu kwa umbali ule. Moyo wake haukuwa na kisasi, na miguu yake ilikaa mahali salama. Toba ya Sauli, kama ilikuwa ya kweli, ingeonekana kwa muda, pasipo Daudi kuwekwa tena karibu na ukuta ili kuipima.

ALHAMISI: Nayothi na Adulamu

Soma 1 Samweli 19:18 na 22:1–4, 9–23. Daudi alikimbilia kwa nani?

Hakujificha peke yake. Mikali alimteremsha dirishani. Alikwenda kwa Samweli akamweleza yote, na Samweli akatoka akakaa naye. Hata wazazi wake aliwatafutia hifadhi Moabu.

Hapa Moshi milango ipo. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Aliyeumizwa huchukua huko fomu namba 3, yaani PF3, ambayo daktari huijaza ili majeraha yawe ushahidi. Kama hali ni mbaya, hospitali kwanza. Halmashauri ina afisa ustawi wa jamii. Shirika la KWIECO, lililoanzishwa mjini Moshi mwaka 1987, hutoa msaada wa kisheria kwa wanawake na lina nyumba ya hifadhi. Anayeogopa kwamba ataondoka mikono mitupu ajue kuwa mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa katika ndoa.

Kanisa nalo, tangu 2009, lina kampeni ya enditnow, na Sabato ya nne ya Agosti hutengwa kila mwaka kwa ajili ya kuzuia ukatili. Lakini dada wa Kibosho hawezi kungoja Agosti. Anahitaji mtu wa kumsikiliza faraghani, pasipo mumewe kuwapo, na asiyeanza kwa kuuliza, “Ulimfanya nini?” Anahitaji nauli, mahali pa kulala, na mtu wa kumsindikiza kituoni.

Anahitaji pia midomo iliyofungwa. Doegi alimwona Daudi mahali patakatifu akaenda kusema, na makuhani 85 wakafa. Mahali anapolala aliyekimbia si habari ya kutajwa kwenye kikundi cha simu, hata kwa kisingizio cha ombi la maombi.

IJUMAA: Kwa mafunzo zaidi

Soma sura ya 64 na ya 65 za kitabu cha Ellen G. White juu ya wazee wa imani na manabii, zinazomhusu Daudi mkimbizi.

Maswali ya kujadili:

1. Kama ungekuwa mzee wa kanisa katika kikao kile cha Kibosho, ungesema nini baada ya isale kutolewa? Ungemwambia nini mume, na ungemwambia wapi?

2. Ni dalili zipi za badiliko la kweli ambazo kanisa laweza kuzitafuta kwa mtesaji aliyetubu? Muda gani unatosha?

3. Katika darasa lenu yaelekea yumo mtu anayeishi karibu na mkuki, na huenda mtesaji ameketi kando yake. Mtaliendeshaje somo hili Sabato ili asilazimike kusema hadharani, lakini ajue kabla ya kutoka mlangoni ni nani anayeweza kumfuata?