Jina Haliazimwi: Mkopo wa Masomo na Utambulisho wa Mwanafunzi

Somo letu la toleo hili linawahusu wazazi wenye watoto waliomaliza kidato cha sita, pamoja na vijana wenyewe.

Serikali ya Uganda hukopesha wanafunzi wa vyuo kupitia Bodi ya Ufadhili wa Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Mkopo hulipa ada ya masomo, ada nyingine za chuo na gharama za utafiti. Haulipi chakula wala malazi. Fedha hutumwa moja kwa moja chuoni kwa jina la mwanafunzi, wala hazipiti mkononi mwake. Kwa hiyo mtu anayekuahidi kwamba mkopo utaingia katika simu yako, iwapo utamtumia kwanza pesa ya kufungulia faili, anakudanganya.

Hila nyingine hulenga nambari ya utambulisho wa taifa, NIN. Nambari hiyo ina herufi na tarakimu 14, nayo ni ya mtu maisha yake yote: kadi ikipotea hutolewa nyingine, nambari hubaki ile ile. Aliyeipata nambari yako pamoja na hati yako ya matokeo ya UNEB aweza kujaza fomu kana kwamba ndiye wewe. Wengi huvitoa kwa hiari. Picha ya kitambulisho hutumwa kwa WhatsApp kwa wakala asiyejulikana kwao, au nakala iliyoharibika huachwa katika kibanda cha fotokopi siku ya soko. Iombeni ile karatasi iliyoharibika, ni yenu.

Hapa mpakani lipo jambo jingine, nalo ni zito kulisema kwa kuwa linaingia nyumbani. Wakonzo wa upande huu na Wanande wa Kongo ni ndugu, na mto Lhubiriha haujapata kuutenga ukoo. Basi mjomba huweza kuombwa: binti yako hasomi tena, mpe mwenzake jina na nambari yake apate mkopo. Ombi hilo lina sura ya huruma. Lakini deni limeandikwa kwa jina la binti aliyebaki nyumbani, naye ndiye atakayedaiwa mwaka mmoja baada ya masomo kwisha. Akitaka kurudi kusoma, atakuta nambari yake imekwisha kutumika. Yule aliyesoma naye atabaki na cheti kisicho na jina lake. Wote wawili, na mjomba pamoja nao, wana kesi ya kujibu: kujifanya mtu mwingine kwa nia ya kulaghai ni kosa la jinai, na hila ya kompyuta au simu huangukia Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011.

Na mara nyingine hila haikuhitajika hata kidogo. Katiba ya mwaka 1995 inawataja Wakonzo miongoni mwa jamii za asili za Uganda, na inamtambua kuwa raia wa kuzaliwa hata aliyezaliwa nje ya nchi, iwapo mmoja wa wazazi au mababu zake alikuwa raia wa kuzaliwa. Mtoto wa namna hiyo aanzie kwa mwenyekiti wa LC1, kisha aende NIRA na ushahidi wa ukoo wake. Foleni ni ndefu, tunakubali. Deni la jina la kuazima ni refu zaidi.

Mkishuku kwamba jina la mtoto limetumika, fikeni kituo cha polisi kilicho karibu na kitambulisho, hati ya matokeo na nambari ya simu iliyopokea fedha. Jumbe za tapeli msizifute, hata zikiwaudhi. Laini za simu husajiliwa kwa kitambulisho, hivyo huwa tuna mahali pa kuanzia, ingawa wakati mwingine tunamkuta mwenye laini naye ameibiwa utambulisho. Chukueni nambari ya kumbukumbu ya taarifa yenu, mwiarifu Bodi na chuo kinachohusika kwa maandishi. Kuandikisha taarifa kituoni hakulipiwi. Mkidaiwa pesa ya karatasi, mwambieni mkuu wa kituo siku hiyo hiyo.