Kufundisha Uundaji wa Tela la Kambi: Ekseli Ikae Wapi?

Tangu mwaka 2024 mkondo wa amali, uliowekwa na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, umeanza kuingia katika shule zetu za sekondari, na walimu wametakiwa tena kufundisha kwa mikono. Nasema tena, maana jambo lenyewe si geni. Elimu ya Kujitegemea ilitangazwa Machi 1967, na katika miaka ya 1970 shule za sekondari zilikuwa na michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansi kimu. Hatari ya masomo ya namna hii ni ileile ya siku zote: mwanafunzi hukabidhiwa nyundo, lakini hesabu hubaki kichwani mwa fundi. Kitu kikiisha kuundwa, wote hukisifu, wala hakuna awezaye kueleza kwa nini kimeundwa hivyo.

Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi kazi moja ya karakana inavyoweza kufundishwa ili hesabu itangulie chuma. Kazi yenyewe ni kuunda tela dogo la kambi, la magurudumu mawili, litakalovutwa na gari katika barabara mbovu. Kazi hii yaweza kufanyika uani nyumbani au chini ya mwembe wa chuo. Chuma chake si kingi, na ekseli ya gari kuukuu hupatikana kwa wauza vyuma chakavu. Tela likiundwa vibaya, hata hivyo, huua. Kwa hiyo mwanafunzi ana sababu ya kutaka kujua.

Kwa mwalimu aliye Morogoro mazingira yenyewe ni zana ya kufundishia. Mji umekaa chini kabisa ya milima ya Uluguru. Upande mmoja iko barabara ya Mzumbe na Mlali ipandayo hadi Mgeta, ambako malori hushuka na kabichi, njegere na viazi. Upande wa pili iko barabara ya Mkuyuni, Matombo na Mvuha hadi Kisaki, kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyoanzishwa mwaka 2019 kutokana na sehemu ya Pori la Akiba la Selous. Wakati wa masika udongo mwekundu wa milimani huteleza kama sabuni. Tela lililotulia katika lami ya barabara kuu halijathibitisha lolote mpaka lipande huko.

Mzigo kwanza

Mwalimu asianze na mchoro wa tela. Aanze na safari. Wanafunzi waambiwe kwamba watu 6 watakaa kambini siku 5 ili kuchunguza mimea na vijito pembezoni mwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, na kwamba gari litafika mwisho wa barabara tu. Waorodheshe kila kitu: mahema, maji, jiko na mtungi wa gesi, unga, mchele, maharage, sufuria, zana, gurudumu la akiba. Kisha wapime kila kimoja kwa mizani ya kuning'iniza, ile itumiwayo kupimia mazao. Kazi hii huchukua vipindi viwili, na mwalimu asione uchungu wa muda huo. Mwanafunzi aliyebeba dumu la lita 20 kwa mkono wake hatasahau tena kwamba lita moja ya maji ni kilo moja.

Tuseme jumla ya tela na mzigo wake imefika kilo 600. Sasa laja swali ambalo ndilo somo lenyewe: ekseli ikae wapi? Wengi watajibu kwamba ikae katikati ya sanduku, na mwalimu asiwakatize. Watengeneze kigari cha mbao kama vile vya kuchezea watoto, wakipakie mawe madogo, na mbele yake, mahali pa kufungia kamba, wafunge mizani ya springi ya maabara ya fizikia. Wakisogeza mawe nyuma ya ekseli, mizani itaonyesha uzito ukipungua, mpaka pua ya kigari inyanyuke yenyewe. Tela la namna hiyo likivutwa kwa kasi huanza kuyumba kushoto na kulia, na dereva akishtuka huweza kupinduka pamoja nalo.

Kanuni ifuatwayo na waundaji ni kwamba uzito unaolala juu ya kiungo cha gari uwe walau sehemu moja ya kumi ya uzito wote. Kwa tela letu ni kilo 60. Ikiwa umbali kutoka kiungo hadi ekseli ni mita 2.5, wanafunzi wataandika usawa wa momenti:

600 × d = 60 × 2.5

ambapo d ni umbali ambao kitovu cha uzito kinatakiwa kuwa mbele ya ekseli. Jibu ni mita 0.25. Basi ekseli haikai katikati. Inakaa sentimita 25 nyuma ya kitovu cha uzito.

Hapo tangi la maji nalo lina neno lake. Kilo 60 za maji zikiwekwa mita 1 nyuma ya ekseli hupunguza uzito wa kiungo kwa kilo 24. Zikiwekwa juu ya ekseli hazibadilishi kitu, tangi liwe limejaa au tupu. Wanafunzi wakigundua hilo wenyewe, mwalimu hana haja ya kuwaambia tangi likae wapi.

Mlima waingia katika hesabu

Vitabu vingi huishia hapo, kana kwamba barabara zote ni za tambarare. Kwetu haitoshi. Tela likipanda mlima unaoinuka mita 1 kwa kila mita 5, na kitovu cha uzito kikiwa nusu mita juu ya usawa wa ekseli na kiungo, ni kama kitovu hicho kimerudi nyuma sentimita 10. Ule umbali wa sentimita 25 umebaki 15, na kiungo kinabebeshwa kama kilo 36 tu. Mwanafunzi mmoja akitaka hema likunjwe juu ya paa la tela, kama yalivyo matela ya watalii, kitovu kikapanda hadi mita 0.8, zitabaki kama kilo 22. Mwacheni ateteze hema lake mbele ya darasa akiwa na tarakimu hizo ubaoni. Kuteremka ni kinyume: kiungo hulemewa, na tela husukuma gari kwa nguvu iliyo karibu na uzito wa kilo 118. Ndiyo sababu breki za tela si anasa kwa gari dogo lishukalo Mgeta.

Mambo mengine yaelezwe kwa ufupi. Magurudumu yawe ya aina moja na ya gari, ili gurudumu moja la akiba litoshe, na upana kati yake ulingane na wa gari, ili tela lifuate njia iliyokwisha kanyagwa. Springi za gari la tani moja ni ngumu mno kwa tela letu. Majani mengine yapunguzwe, la sivyo litarukaruka na kuvunja mayai na viungo vya fremu pia. Kuhusu taa, viakisi mwanga, cheni za usalama na usajili, ni vyema askari wa usalama barabarani aalikwe darasani aeleze mwenyewe Sheria ya mwaka 1973 inadai nini.

Kuchomelea kuje mwisho. Hata wakati huo ekseli isichomelewe kwenye fremu. Ifungwe kwa boliti ili iweze kusogezwa. Tela lipakiwe mifuko ya mchanga yenye uzito uleule wa mzigo, pua yake ining'inizwe kwenye mizani, na tarakimu ilinganishwe na ya ubaoni. Tofauti hazikosi kutokea, na ni nafasi nzuri ya kuuliza chuma cha fremu kilipimwa au kilikisiwa.

Zoezi

1. Upana kati ya magurudumu ya tela ni mita 1.4. Kitovu cha uzito kiko mita 1.0 juu ya ardhi. Tafuta pembe ya mlalo wa upande itakayolipindua. Rudia kwa mita 1.2. Kwa nini barabarani tela litapinduka kabla ya pembe hiyo kufikiwa?

2. Siku ya tatu ya kambi maji yamekwisha na nusu ya chakula imeliwa. Pima upya uzito wa kiungo, kisha eleza utapangaje mzigo uliosalia kabla ya kushuka mlima.