DARSA LA IJUMAA: HOFU YA SINDANO SI TAWAKKUL

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba zake na kila mwenye kufuata uongofu wake mpaka siku ya malipo. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu, wanaume kwa wanawake, darsa letu la leo linahusu jambo ambalo wengi wetu wanaona haya kulisema: hofu ya sindano kwa mtu anayengojea kupasuliwa. Mwingine atacheka, ataona ni jambo la watoto. Lakini si dogo kwa mama aliyeambiwa kwamba mtoto hatatoka ila kwa kupasuliwa. Wala si dogo kwa majeruhi. Mwezi wa Januari 2025, vita ilipoingia ndani ya mji wetu wa Goma, hopitali zilijaa watu wa risasi na mabomu, na wengi wao hawakuwa na njia nyingine ya kupona isipokuwa kisu cha daktari. Na hakuna kisu cha daktari kisichotanguliwa na sindano.

Nitaanza na nafsi yangu. Nilikuwa na ngiri. Daktari akanipangia siku ya kupasuliwa, nikalala hopitali. Jioni nikaelezwa kwamba ganzi huchomwa mgongoni. Usiku ule nilifunga kitambaa changu nikarudi nyumbani. Watu walipouliza, nikawajibu: "Nimemwachia Allah." Wakanisifu kwa imani yangu. Mke wangu peke yake hakusema neno, kwa sababu yeye aliiona mikono yangu ilivyokuwa ikitetemeka.

Baada ya miaka miwili utumbo ulinaswa ndani ya ile ngiri. Nilitapika mchana kutwa, tumbo likawa gumu. Nikapelekwa usiku juu ya pikipiki, na ninyi mnajua njia zetu za mawe ya volkano. Sindano niliyoikimbia nikachomwa hiyo hiyo, na juu yake nikakatwa sehemu ya utumbo iliyokuwa imekwisha kufa. Alhamdulillah, niko hai. Lakini kilichoniuma zaidi ya kidonda ni kwamba nilitumia jina la Allah kufunika woga wangu.

1. KUOGOPA SI DHAMBI

Tumsome Nabii Musa (a.s.) katika Suratu Twaha na Suratun Naml. Alipoamrishwa kuitupa fimbo yake, ikawa nyoka anayekwenda mbio, Musa alifanya nini? Aligeuka akakimbia, wala hakutazama nyuma. Huyo ni Mtume miongoni mwa Mitume wakubwa. Allah (s.w.) hakumwita kafiri wala mwoga. Alimwambia asiogope, kisha akamwamrisha amshike yule nyoka, naye Allah atairudisha fimbo katika hali yake ya kwanza.

Angalieni mafundisho yake. Nyoka hakuondolewa kwanza ili Musa apate kutulia. Aliamrishwa amshike akiwa bado nyoka. Basi nawe usingoje hofu iishe ndipo uende hopitali. Nenda nayo. Hofu nyingi huisha mkononi, wala haziishi kwa kukimbia.

2. TAWAKKUL NI NINI?

Mabedui walimwuliza Mtume (s.a.w.) kama wajitibu. Akawajibu kwamba wajitibu, maana Allah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee. Yeye mwenyewe alipigwa hijama, ngozi yake tukufu ikachanjwa, na Abu Tayba aliyemfanyia kazi hiyo akalipwa ujira wake. Tena Imam Muslim amepokea kwamba alimpelekea sahaba Ubayy bin Kaab (r.a.) tabibu aliyemkata mshipa kisha akamchoma kwa moto. Hapakuwa na ganzi wakati ule. Je, mimi na wewe tuna tawakkul kumshinda Mtume?

Tawakkul ni kufanya sababu kisha kumwachia Allah matokeo. Anayekimbia sababu kwa woga ni mwoga tu, na hilo Allah humsamehe. Lakini asiseme kwamba ni imani, kwa sababu hapo atawapoteza na wengine. Mgonjwa anayemsikiliza imamu akisema "nimemwachia Allah" naye ataondoka kitandani. Mimi sijui ni wangapi walionisikia.

Wengine huuliza: dawa ya usingizi si kilevi? Wanavyuoni wameiruhusu kwa ajili ya matibabu kwa sababu ya haja na dharura, na Qur'ani katika Suratul Baqara imemwondolea dhambi aliyelazimika bila ya kutamani wala kuvuka mpaka.

3. HOFU YENYE SABABU

Tusiwadharau wazee wetu walioogopa sindano. Mwaka 1976, huko Yambuku, kaskazini mwa nchi yetu, ugonjwa wa Ebola ulienea kupitia sindano za hopitali. Kila asubuhi zilitolewa bomba 5 za sindano, zikatumika kwa wagonjwa wengi, zikisuuzwa tu kati ya mgonjwa na mgonjwa. Watu 318 waliugua, 280 wakafa. Basi hofu ile haikutoka hewani.

Lakini ni nchi hii hii, kuanzia mwaka 2018, ambamo zaidi ya watu 300,000 walichomwa chanjo ya Ebola, na ugonjwa ulipofika Goma Julai 2019 haukuumaliza mji. Sindano chafu iliua, sindano safi ilikinga. Kwa hivyo usiikatae sindano; uliza habari zake. Ni haki yako kuona sindano mpya ikitolewa ndani ya karatasi yake mbele ya macho yako. Muuguzi mwema hatakasirika.

4. MWILI UNAVYOFANYA

Kuna watu wakiona sindano au damu wanaanguka. Si jini, wala si kukosa uanaume. Kwanza moyo huenda mbio, kisha ghafla hupunguza mwendo, nguvu ya damu ikashuka, kichwa kikakosa damu ya kutosha, mtu akazimia. Akilazwa, damu hurudi kichwani naye huamka. Tena hali hii mara nyingi hurithiwa: ukiuliza utakuta baba au shangazi alikuwa hivyo hivyo.

Dawa yake ni hii. Kaza misuli ya miguu, ya tumbo na ya mkono usiochomwa, ukaze kwa sekunde 10 hadi 15 mpaka uone uso unapata joto. Legeza kama nusu dakika, bila ya kulegea kabisa. Rudia mara tano. Hii hupandisha nguvu ya damu na kumzuia mtu asizimie. Anza kujizoeza nyumbani siku kadhaa kabla. Mkono unaochomwa uulegeze, maana ukiukaza maumivu huzidi.

5. SIKU YA KUPASULIWA

Kwanza, sema. Mwambie daktari au muuguzi: "Mimi naogopa sindano, niliwahi kuanguka." Watakulaza kabla ya kukuchoma. Wakati mwingine wanayo dawa ya kutia ganzi ngozi kwanza.

Pili, jua kinachokuja. Unapowekewa serumu, chuma hakibaki mkononi. Sindano hufungua njia, kisha hutolewa, na kinachobaki ni mrija laini wa plastiki. Kwa mrija huo huo zitapita dawa nyingi bila ya kuchomwa tena kila mara. Na sindano ya mgongoni huingizwa chini ya mahali unapoishia mshipa mkuu wa fahamu uliomo ndani ya uti wa mgongo. Ndiyo sababu wanakuambia uiname na usitikisike. Miguu itakufa ganzi, utadhani si yako, na baada ya saa chache itarudi kama ilivyokuwa.

Tatu, usitazame kama kutazama kunakudhuru. Geuza uso, mwombe mtu akushike mkono, vuta pumzi polepole, umtaje Allah.

Nne, tii amri ya kutokula na kutokunywa. Usimfiche daktari hata uji kidogo. Chakula kikipanda kutoka tumboni wakati wa usingizi, kinaweza kuingia mapafuni.

Tano, andika wasia wako na madeni yako. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza hivyo tukiwa wazima, seuze wagonjwa. Aliyekwisha kuandika hulala kwa utulivu. Kisha weka mkono mahali panapouma, sema Bismillahi mara tatu, ujikinge kwa utukufu wa Allah na uwezo wake mara saba, kama Mtume alivyomfundisha Uthman bin Abil-As (r.a.).

6. WATOTO WETU

Hapa nina toba nyingine. Miaka mingi chuoni, watoto wakipiga kelele, niliwatisha: "Nitamwita daktari awachome sindano!" Walinyamaza, nami nikaona nimefundisha adabu. Kumbe nilikuwa napanda ndani yao kile kile kilichonitorosha kitandani. Wazazi na walimu wenzangu, tuache maneno hayo. Wala tusimdanganye mtoto kwamba haitauma. Tumwambie: "Itauma kidogo, kisha itakwisha, na mimi nitakuwa nimekushika." Tena tumpakate kweli.

Ndugu zangu, kama kati yenu yuko aliyepangiwa kupasuliwa naye anajificha nyuma ya neno "nimemwachia Allah", aje kwangu baada ya sala. Sitamcheka. Tutakwenda hopitali pamoja, naye atanikuta nimekaa nje ya mlango.

MASWALI YA DARSA

1. Allah alimwamrisha nini Nabii Musa (a.s.) alipomkimbia nyoka?
2. Eleza tofauti ya tawakkul na woga.
3. Mtu anayezimia akiona sindano afanye nini?

Ewe Allah, waponye wagonjwa wetu na majeruhi wetu, uwape utulivu wanaongoja kupasuliwa, na uwaongoze mikono madaktari na wauguzi wetu. Amin.

Wa billahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

(Karatasi hii ina jina la Allah. Tafadhali usiitupe ovyo. Ukimaliza kusoma, mpe jirani.)