Mtoto Anakohoa: Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kununua Antibayotiki

Kiangazi kikishika Rulenge, wilayani Ngara, kati ya Juni na Agosti, asubuhi huwa na baridi, mchana vumbi linapanda barabarani, na jioni moshi wa nyasi zinazochomwa unatanda juu ya migomba. Ndio msimu wa vifua. Mzazi anaingia duka la dawa muhimu, anasema mtoto anakohoa, anatoka na amoksilini. Safari nyingine amepatia. Lakini safari nyingi mtoto huyo hana bakteria wa kuuawa: ana virusi vya mafua, au ana mzio uliobana njia za hewa, yaani pumu. Dawa hiyo hiyo inayookoa maisha ya mwenye nimonia haimfungulii pumzi mwenye pumu.

Anza kwa kuhesabu pumzi. Subiri mtoto atulie, asiwe analia wala ananyonya. Mfunue shati, mlaze mapajani, washa saa ya simu, hata kitochi kinayo, kisha tazama tumbo. Likipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Hesabu dakika nzima, usihesabu nusu ukazidisha mara mbili, kwa sababu watoto wachanga hupumua kwa vipindi. Mtoto wa chini ya miezi 2 akifikisha 60, wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, wa mwaka 1 hadi kabla ya miaka 5 akifikisha 40, anapumua haraka kupita kiasi na anahitaji kuonwa na mhudumu wa afya siku hiyo hiyo.

Ukiwa bado umemfunua, angalia chini ya mbavu. Mtoto mzima akivuta hewa, kifua na tumbo hutanuka pamoja. Sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani kila anapovuta pumzi, usipite dukani. Nenda moja kwa moja hospitali iliyo karibu nawe: Rulenge, Murgwanza, au Biharamulo kwa walio upande huo. Fanya vivyo hivyo akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, au akilegea na kuwa mgumu kuamka. Hapo hakuna la kusubiri asubuhi.

Sasa sogeza sikio mdomoni mwake. Mluzi mwembamba anapotoa hewa ni dalili kwamba njia za hewa zimebana. Jiulize: kikohozi hiki huja usiku na alfajiri? Huja akikimbia, au akikaa jikoni kuni zikiwaka? Kimeshawahi kuja na kuondoka mara kadhaa mwaka huu? Ana ukurutu, au pua na macho yanayowasha? Kuna pumu katika ukoo? Majibu ya ndiyo yakiwa mengi, mwambie mhudumu habari hizo kabla hajaandika dawa. Mtoto wa pumu naye hupumua haraka, ndiyo maana hesabu peke yake haitoshi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaelekeza kwamba mtoto mwenye mluzi apewe kwanza dawa ya kufungua njia za hewa, kama salbutamoli ya kuvuta, hata mara tatu kila baada ya dakika 15 hadi 20, kisha pumzi zihesabiwe upya. Zikishuka na kifua kikaacha kubonyea, huenda hahitaji antibayotiki kabisa. Una haki ya kuomba hilo lifanyike.

Wazazi wengi hukwama kwa mtoto ambaye ana bakteria na pumu kwa pamoja. Bakteria kama Mycoplasma pneumoniae huweza kuingia kifuani na kuamsha pumu iliyokuwa imelala. Antibayotiki inayofaa inawaua, lakini uvimbe na ute ambao mwili wenye mzio umeshautengeneza hauondoki siku hiyo hiyo. Dozi inaisha, homa imekwisha, mluzi bado upo, na mzazi anarudi kununua dozi ya pili yenye nguvu zaidi. Kinachobaki hapo ni mzio, na mzio hutibiwa kwa dawa za pumu. Nchini Uingereza, utafiti wa AZALEA uliochapishwa mwaka 2016 uliwapa watu waliobanwa na pumu azithromaisini juu ya matibabu ya kawaida, na haikuwaongezea nafuu. Zaidi ya watu 2,000 kati ya 4,582 waliopimwa kama wanafaa kushiriki walikataliwa kwa sababu walikuwa wameshapewa antibayotiki. Kwa hiyo mazoea haya si ya Ngara pekee.

Kuna sababu nyingine ya kuwa makini, hasa kwa mtoto wa chini ya mwaka 1. Bakteria wema wa tumboni huzoesha kinga ya mwili isishtuke kwa kila vumbi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan waliwapa panya antibayotiki pamoja na fangasi wa tumboni, wakawavutisha mbegu za ukungu, na mapafu ya panya hao yakaonyesha mzio. Huko British Columbia, Kanada, watafiti walieleza mwaka 2020 kwamba kadiri watoto wachanga walivyopewa antibayotiki kidogo, ndivyo pumu ilivyopungua. Huo ni uhusiano, si hukumu ya mwisho, na haumaanishi kumnyima dawa mtoto mwenye nimonia. Nimonia huua. Akiandikiwa amoksilini, mpe dozi yote kwa siku alizoambiwa. Usiikate akipata nafuu, wala usimwekee mdogo wake mabaki.

Akiandikiwa dawa ya kuvuta, mtoto hawezi kuifikisha mapafuni bila chombo cha katikati, na chombo hicho waweza kukitengeneza. Utafiti uliofanyika Cape Town na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa chupa ya plastiki ya nusu lita hufanya kazi sawa na kifaa cha kununua. Ioshe kwa maji ya sabuni, iache ikauke yenyewe bila kuifuta ndani, maana kuisugua hufanya dawa inate kwenye plastiki. Kwa waya uliopashwa moto, toboa kitako tundu lenye umbo la mdomo wa kopo la dawa, uchomeke mdomo huo ukaze, na uzibe pembeni kwa gundi. Tikisa kopo. Mtoto abane mdomo wa chupa kwa midomo yake, bonyeza mara moja, apumue taratibu mara tano au sita, ndipo ubonyeze tena kama ulivyoelekezwa. Asiyeweza kubana midomo anahitaji barakoa, mwombe mhudumu.

Jikoni, pika mlango ukiwa wazi na mtoto asiwe mgongoni. Hakikisha amepata chanjo ya nimonia katika wiki ya 6, 10 na 14.

Na kwa kikohozi kisichokoma, tafadhali usimpeleke akakatwe kimeo. Kimeo hakisababishi kikohozi. Kukikata humtoa mtoto damu, humwambukiza, na wapo waliokufa kwa ajili hiyo.