Saa za Kujisomea Zinapotelea Wapi?

Swali: Niko mwaka wa pili chuoni Dodoma. Kila muhula nalenga GPA ya 4.4, lakini mitihani hunikuta sijajiandaa. Nifanyeje?

Jibu: Mwanangu, lengo ni zuri, ila halikuambii Jumanne saa nane mchana ufanye nini. Anza na krediti. Tanzania, krediti 1 ni saa 10 za kazi. Somo la krediti 12 ni saa 120. Gawanya kwa wiki 15 za muhula, unapata saa 8 kwa wiki. Ukitoa 3 za mihadhara, 5 ni zako, na hapo ndipo wengi huteleza. Ziingize kwenye ratiba mchana, kati ya vipindi. Usiku hosteli kuna kelele. Na usiandike “kusoma takwimu”. Andika: “maswali 4 ya mtihani wa mwaka jana”.